Sura ya Sita: Joel wa Namba

Profesa Joel Kupperman alifariki Brooklyn, New York, tarehe 8 Aprili 2020, akiwa na umri wa miaka 83. Ulikuwa mwezi ambao UVIKO-19 ilikuwa ikiwazoa wazee wa jiji lile, naye akawa mmoja wao. Aliacha vitabu vya falsafa vinavyosomwa vyuoni, wanafunzi aliowafundisha kwa miongo kadhaa katika Chuo Kikuu cha Connecticut, mke ambaye ni mwanahistoria mashuhuri, na watoto. Lakini tanzia zake magazetini zilimrudisha kwa mtoto wa miaka sita aliyekuwa akizidisha namba kwa kichwa mbele ya kipaza sauti, miaka 78 kabla ya hapo.

Mtu aliyetumia utu uzima wake wote kuandika juu ya maadili na juu ya wanafalsafa wa Asia alikumbukwa kwa kazi aliyoiacha akiwa na miaka 16. Na ilikuwa kazi kamili: ilikuwa na mwajiri, mdhamini, zamu za kila wiki na malipo, na ilidumu miaka kumi. Wapo watoto wengi wenye vipaji waliopita kwenye vipindi vya chemsha bongo, wakapigiwa makofi, wakaenda zao. Joel hakuruhusiwa kwenda zake. Tukitaka kujua runinga inamfanya nini mtoto mwenye akili nyingi, kwake tutajifunza mengi kuliko kwa mwingine yeyote.

Watoto watano na dawa ya kiungulia

Kipindi kiliitwa Quiz Kids. Kilianza kurushwa na redio ya NBC kutoka Chicago tarehe 28 Juni 1940. Aliyekibuni ni Louis Cowan, mtu wa matangazo ya biashara ambaye jina lake litarudi tena katika sura hii, tena kwa habari chungu. Utaratibu wenyewe ulikuwa rahisi. Watoto watano waliketi mezani, wote wakiwa chini ya miaka 16, wamevaa majoho na kofia za mahafali kana kwamba wamekwisha kuhitimu chuo. Wasikilizaji walituma maswali kwa barua. Mwishoni hesabu ya majibu ilifanywa: watoto watatu waliofanya vizuri walirudi wiki iliyofuata, wawili walipisha wengine.

Kila mtoto alilipwa hatifungani ya dola 100 kwa kila kipindi alichoshiriki. Hizo zilikuwa fedha nyingi katika nchi iliyokuwa ndiyo kwanza inajinasua kwenye mdororo mkubwa wa uchumi. Gharama zilibebwa na watengenezaji wa Alka-Seltzer, dawa ya kiungulia na maumivu ya kichwa. Mwendeshaji, Joe Kelly, hakuwa msomi hata kidogo. Alikuwa mwimbaji wa majukwaani aliyeacha shule akiwa bado madarasa ya chini, na majibu aliyasoma kwenye kadi. Hilo lilikuwa sehemu ya utamu wa kipindi. Msikilizaji wa kawaida alijiona katika Kelly: mtu mzima anayeduwaa mbele ya vitoto vinavyojua kila kitu.

Nyota wa kwanza alikuwa Gerard Darrow, mtoto wa miaka saba aliyejua ndege. Ungemtajia ndege yeyote wa Marekani Kaskazini, naye angekueleza anavyolia na anakojenga kiota. Akafuata Ruth Duskin, naye aliingia na miaka saba, bingwa wa tamthilia za Shakespeare. Richard Williams alikuwa kijana wa hesabu. Kila mmoja alikuwa na uwanja wake, na watayarishaji walihakikisha maswali yanaufuata uwanja huo. Gerard aliulizwa ndege. Ruth aliulizwa vitabu. Hakuna aliyehitaji kumpa mtoto jibu kwa siri ikiwa swali lenyewe lilikuwa limekatwa na kushonwa kwa vipimo vyake.

Mwaka 1942 akaingia Joel. Alizaliwa Chicago tarehe 18 Mei 1936, mtoto wa mhandisi, katika familia ya Kiyahudi. Alikuwa mdogo wa mwili, ana kithembe, na namba zilimtoka haraka kuliko maneno. Taifa zima lilimpenda.

Namba zinavyotii

Kwa nini hesabu? Ukitazama orodha ya watoto walioushangaza ulimwengu, utawakuta zaidi katika mambo matatu: hesabu, muziki na sataranji. Huwakuti katika siasa, wala udaktari, wala riwaya. Sababu yake ni kwamba mambo hayo matatu yana kanuni zinazojitosheleza. Ili uandike riwaya nzuri unahitaji kuwa umependa, umefiwa, umedanganywa, umesafiri. Ili ujue kwamba 98 mara 98 ni 9,604 huhitaji kuwa umeishi. Unahitaji kuziona namba kama vitu unavyoweza kuvigeuzageuza.

Mtoto wa shule hulichukulia zoezi hilo kwa kalamu: nane mara nane, andika nne, beba sita. Mwenye kipaji haendi huko. Anaona kwamba 98 ni 100 iliyopungukiwa mbili. Basi 100 mara 100 ni 10,000. Anatoa mbili mara 100 mara mbili, yaani 400, inabaki 9,600. Kisha anarudisha mbili mara mbili, yaani nne. Jibu ni 9,604, na hakuna kilichobebwa wala kuandikwa. Vivyo hivyo 47 mara 99 kwake ni 4,700 kasoro 47. Anayefikiri hivi hana mashine kichwani. Ana mazoea na namba: anajua ipi iko jirani na ipi, ipi inagawanyika kwa ngapi, ipi inaweza kuvunjwa mahali gani.

Jambo hili ni zuri, na uzuri wake unastahili kutajwa kabla hatujaingia kwenye uchungu. Mtoto anayecheza na namba hafanyi kazi; anacheza kweli. Furaha yake ni ileile ya mtoto mwingine anayejenga kwa matope. Shida inaanza pale watu wazima wanapotoza kiingilio.

Mtoto katika vita

Joel aliingia redioni miezi michache tu baada ya Marekani kuingia katika Vita Kuu ya Pili. Serikali ilihitaji fedha, na njia mojawapo ya kuzipata ilikuwa kuwauzia wananchi hatifungani za vita. Waigizaji wa sinema walizunguka nchi nzima wakizinadi. Watoto wa Quiz Kids nao wakapandishwa treni. Walifanya vipindi katika kumbi za miji mbalimbali, na tiketi ya kuingia ukumbini ilikuwa kununua hatifungani. Mauzo yaliyopatikana kupitia kwao yalipita dola milioni 100.

Fikiria maana yake kwa mtoto wa darasa la kwanza. Kutojisikia vizuri na kukataa kwenda kazini si ukaidi tena. Ni kuiangusha nchi. Mwaka 1944 Hollywood ilimweka Joel katika filamu Chip Off the Old Block, akicheza nafasi yake mwenyewe. Picha zake zilitapakaa magazetini.

Kulikuwa na jambo jingine, zito zaidi, ambalo mwanawe alilichimba baadaye. Huko Ulaya, Manazi walikuwa wakiwaua Wayahudi na kuwachora kama viumbe wa kuogofya. Marekani yenyewe haikukosa chuki hiyo. Na hapa, kila wiki, nyumba za Wakristo wa miji na mashamba zilimsikia mtoto wa Kiyahudi mwenye kithembe akicheka na kupiga hesabu. Cowan naye alikuwa Myahudi, na mwana wa Joel anaona kwamba hilo halikuwa bahati tu: kupendwa kwa Joel kulikuwa jibu la kimyakimya kwa wenye chuki. Lilikuwa lengo jema. Lakini ni mzigo mkubwa kumtwika mtoto ambaye hata meno ya utotoni hayajamaliza kung'oka. Mtoto anayewakilisha watu wake hana ruhusa ya kukosea, kukasirika, wala kuchoka.

Wahenga walisema chema chajiuza. Chicago hawakungoja kijiuze. Joel aliiuza dawa ya kiungulia, akaiuza vita, akauza na sura njema ya jamii yake, na yote hayo kabla hajaanza kubalehe.

Sauti ikapata mwili

Mwaka 1949 Quiz Kids ikahamia kwenye runinga, na redio ikaendelea sambamba kwa miaka michache. Watu wa biashara waliona ni hatua ya kawaida. Joel alikuwa na karibu miaka 13.

Redio humficha mtoto anayekua. Msikilizaji aliyemzoea Joel wa miaka sita angeweza kuendelea kumwona Joel yuleyule kichwani mwake hata miaka ilipopita. Kamera haina huruma ya namna hiyo. Inaonyesha miguu inayorefuka, sauti inayokwaruza, chunusi, na macho ya mvulana anayetamani kuwa mahali pengine. Kilichopendeza kwa mtoto wa miaka sita, yaani kujua mengi, kunyoosha mkono haraka na kuwasahihisha wakubwa, kwa kijana wa miaka 15 huitwa kiburi. Watazamaji waliompenda alipokuwa mdogo sasa walimtazama kwa jicho jingine, naye hakuwa amebadili lolote. Alikuwa anafanya kilekile alichofundishwa kufanya.

Na shuleni? Mtoto ambaye kila mzazi mtaani alimtaja kama mfano alikuwa mtoto ambaye kila mwenzake alichoka kulisikia jina lake. Walimkejeli na kumsumbua. Hilo halihitaji mtaalamu wa saikolojia kulieleza. Kila aliyewahi kusoma darasa moja na mtoto anayesifiwa na mwalimu kila asubuhi analijua. Tofauti ni kwamba Joel alisifiwa na taifa zima.

Alidumu hadi alipofikisha umri wa kustaafishwa, miaka 16, wakati wenzake wengi walikuwa wamekwisha kuondoka zamani. Kwa maelezo ya mwanawe, Joel alikuwa amechoka mapema zaidi, ila nyumbani hakukuwa na mtu wa kusema basi. Hatifungani zilikuwa zikiingia, na sifa pia.

Kukimbia jina

Kutoka hapo aliingia Chuo Kikuu cha Chicago, ambacho wakati huo kilikuwa kikipokea vijana wadogo kuliko vyuo vingine. Huko nako aliandamwa na jina lake. Kila alipojitambulisha, aliyeambiwa jina alikuwa na swali la hesabu tayari mdomoni. Ndipo akavuka bahari kwenda Cambridge, Uingereza, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1963. Uingereza haikuwa imesikiliza Quiz Kids. Kwa mara ya kwanza tangu akiwa na miaka sita, alikuwa mtu asiyejulikana na yeyote.

Jambo la kuvutia ni kile alichochagua kukisomea. Hakwenda kwenye hesabu. Alikwenda kwenye falsafa ya maadili, mahali ambapo hakuna jibu kwenye kadi ya Joe Kelly. Mwaka 1991 alichapisha kitabu kiitwacho Character, kinachochunguza ni kitu gani kinachomfanya mtu awe yeye na siye mwingine. Mwaka 1999 akatoa Learning from Asian Philosophy, akiwapeleka wasomaji wa Magharibi kwa Confucius na wenzake. Sina haja ya kulazimisha uhusiano, lakini ni vigumu kutouona: mtu aliyepewa tabia na watayarishaji wa redio kabla hajajijua alitumia maisha yake kuuliza tabia ya mtu inatoka wapi.

Nyumbani, Quiz Kids haikuzungumzwa. Watoto wake walikua wakijua kwa mbali tu kwamba baba aliwahi kuwa maarufu. Mmoja wao, Michael, akawa mchoraji wa katuni. Baba alipoanza kupoteza kumbukumbu kwa uzee, Michael alianza kumuuliza, akachimba madaftari ya vipande vya magazeti ambavyo familia ilivihifadhi, na mwaka 2018 akachapisha simulizi ya michoro juu ya baba yake, All the Answers. Kitabu hicho kinauma kwa sababu mwandishi anafika kwa baba wakati mlango unafungwa. Maswali ya mwana yalichelewa, na baba aliyewahi kujibu kila kitu hakuwa na majibu tena.

Wengine walifika wapi

Itakuwa dhuluma kudai kwamba kipindi kiliwaharibu wote. Richard Williams, kijana wa hesabu, akawa mwanadiplomasia, na mwaka 1988 akateuliwa balozi wa Marekani nchini Mongolia. Harve Fischman alifupisha jina kuwa Harve Bennett, akaenda Hollywood, akazalisha filamu kadhaa za Star Trek. Ruth Duskin akawa mwandishi, na mwaka 1982 akatoa kitabu kilichowatafuta wenzake wa zamani kujua walikoishia. Yeye mwenyewe aliikumbuka miaka ile kwa mapenzi makubwa kuliko Joel.

Kuna pia kijana aliyepita haraka. Alishiriki vipindi vichache, akatolewa na Ruth, msichana mdogo kuliko yeye, kwa maswali ya Shakespeare na Biblia. Kwa fedha alizopata akanunua darubini ya kutazamia ndege. Jina lake James Watson. Mwaka 1962 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Francis Crick na Maurice Wilkins kwa ugunduzi wa umbo la DNA. Kushindwa kwake redioni hakukumpunguzia chochote, na huenda kulimwokoa: hakuna aliyemngojea kila wiki, kwa hiyo aliweza kukua bila kutazamwa.

Kwa upande mwingine yuko Gerard, mtoto wa ndege, nyota kuliko wote wa mwanzo. Alikufa mwaka 1980 akiwa na miaka 47, baada ya maisha ya maradhi, upweke na kuishi kwa msaada wa serikali. Hatuwezi kusema redio ndiyo iliyomfikisha huko; wapo watu wengi walioteseka bila kuwahi kusikika popote. Lakini ukilinganisha Watson na Gerard, unaona kwamba muda ambao mtoto anakaa kwenye jukwaa una uzito kuliko ushindi anaoupata juu yake. Waandishi waliliona hilo mapema. J. D. Salinger aliwapa watoto wa familia ya Glass, wahusika wake mashuhuri, historia ya kushiriki chemsha bongo ya redioni, na wote wanatembea na kovu lake.

Dau lilipopanda

Runinga haikuridhika na hatifungani za dola 100. Tarehe 7 Juni 1955, Louis Cowan yuleyule alizindua kupitia CBS kipindi cha The $64,000 Question. Marekani nzima ilisimama kukitazama. Muda si mrefu watoto nao wakaletwa: Robert Strom, mwenye miaka kumi, alijibu maswali ya sayansi na hesabu na kuondoka na zaidi ya dola 150,000.

Kisha ikafichuka kwamba vipindi vingi vya aina hiyo vilikuwa vya kupangwa. Washiriki waliopendwa walipewa majibu, waliochosha walitegewa maswali ya kuwaangusha. Mwaka 1959 Bunge la Marekani lilifanya uchunguzi, na miongoni mwa waliotoa ushahidi alikuwemo Patty Duke, mwigizaji aliyekuwa bado hajatimiza miaka 13. Alikiri kwamba aliandaliwa majibu. Mtoto huyo alikuwa amefundishwa na watu wazima kudanganya mbele ya taifa, na sasa watu wazima wengine walimtaka aeleze kwa nini. Cowan, ambaye alikuwa amepanda hadi kuwa mkuu wa televisheni ya CBS, aliondoka mwaka huohuo. Mwaka 1960 sheria ikapitishwa kuufanya upangaji wa matokeo ya chemsha bongo kuwa kosa la jinai. Quiz Kids yenyewe ilikuwa imezimika mwaka 1956.

Waingereza na birika la chai

Je, basi, watoto wasikanyage studio? Kabla ya kujibu, tuvuke tena bahari.

Mwaka 1965 mtayarishaji wa Kifaransa, Armand Jammot, alibuni mchezo wa runinga wa kutafuta neno refu kuliko yote kutokana na herufi chache. Baadaye ukaongezwa namba, ukaitwa Des chiffres et des lettres. Waingereza wakauchukua, na tarehe 2 Novemba 1982 toleo lao, Countdown, likawa kipindi cha kwanza kabisa kurushwa na Channel 4. Kipo hadi leo.

Mchezaji huomba herufi tisa, akisema tu kama anataka irabu au konsonanti. Saa ya sekunde 30 huanza kuzunguka, na kila mmoja huandika neno refu awezalo. Kwenye namba hutolewa sita: ndogo kuanzia 1 hadi 10, kubwa ni 25, 50, 75 na 100. Mashine hutaja namba ya kulenga yenye tarakimu tatu, na wachezaji huifikia kwa kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Anayeipata barabara huvuna pointi kumi.

Mfano uliopata umaarufu mkubwa ni wa mwaka 1997. Namba zilikuwa 25, 50, 75, 100, 3 na 6. Lengo lilikuwa 952. Mchezaji mmoja alijumlisha 100 na 6, akapata 106. Akazidisha kwa 3, ikawa 318. Akazidisha kwa 75, ikawa 23,850, namba ambayo mtu mwenye akili timamu angeikimbia. Akatoa 50, ikabaki 23,800. Akagawanya kwa 25. Jibu: 952. Studio nzima ilicheka kwa mshangao. Chukua kalamu uhakikishe. Hilo ndilo linalotofautisha mchezo huu na kipindi cha Joel. Mtazamaji anapewa herufi zilezile na namba zilezile, naye anacheza akiwa kwenye kochi lake. Anayeangaliwa ni mchezo, na mchezaji huja na kuondoka.

Watoto wamekuwa wakishiriki tangu zamani. Mwaka 2005 alicheza mtoto wa miaka minane. Mwaka 2006 Conor Travers, kijana wa Ireland mwenye miaka 14, alitwaa ubingwa wa msimu, mdogo kuliko bingwa yeyote aliyemtangulia. Bingwa wa kipindi hiki huondoka na vitu vya kiasi. Zawadi inayojulikana zaidi ni birika la chai. Tena ukishinda michezo minane mfululizo huongezewi wa tisa: unapumzishwa hadi fainali. Conor alirudi shuleni. Mwaka 2013, akiwa mtu mzima, alirudi kwa hiari yake kwenye mashindano ya kuadhimisha miaka 30 ya kipindi, akawashinda mabingwa wengine wote.

Vijana hawa wawili, Joel na Conor, walikuwa na kipaji cha jamii moja. Sioni sababu ya kuamini kwamba moyo wa mmoja ulikuwa dhaifu kuliko wa mwingine. Walichotofautiana ni mpango uliowazunguka. Kwa Conor, zawadi ilikuwa ndogo, hivyo hakuna mtu mzima aliyekuwa na sababu ya kumng'ang'ania. Mwisho ulikuwa umewekwa na kanuni, si na mdhamini. Maswali yalitolewa kwa bahati nasibu, kwa hiyo ushindi ulikuwa wake kweli. Na hakuwakilisha vita, dini wala dawa. Aliwakilisha kijana mmoja anayependa maneno na namba.

Hukumu

Siku hizi huhitaji NBC ili kumfanya mtoto awe maarufu. Simu moja inatosha. Mtoto wa miaka minne anayetaja miji mikuu ya dunia anaweza kutazamwa na watu milioni kabla ya jioni, na mtayarishaji, mdhamini na mwendeshaji wake wote wakawa mtu mmoja: mzazi. Quiz Kids angalau ilikuwa na umri wa kustaafu. Simu haina.

Kisa cha Joel Kupperman hakitufundishi kuficha vipaji. Mtoto anayependa namba apewe namba, apewe na wenzake wa kushindana nao, na akitaka kupanda jukwaani apande. Lakini kabla hujampandisha, mzazi au mwalimu, jiulize nani anafaidika kweli, kuna siku ya mwisho inayojulikana, na je, mtoto huyu akisema leo sitaki, utamsikiliza? Ukishindwa kujibu moja tu kati ya hayo, mwache acheze nyumbani. Joel alijibu maelfu ya maswali ya watu wazima, na katika miaka kumi hiyo ya kazi hakupata mtu mzima wa kumuuliza hilo la mwisho.